Maswali ya wasomaji: Plastiki ni ileile, mbona moja inapinda na nyingine inapasuka?

Safari hii maswali yenu karibu yote yameangukia kwenye plastiki, sijui kimewapata nini, ila nashukuru maana kawaida mnaniuliza betri za simu tu mpaka nachoka. Nimechagua yale yanayoshikana kwa sababu majibu yake yanaanzia sehemu moja. Jina la plastiki peke yake halikwambii itakuwaje ukiishika, inabidi uulize pia molekuli zake zimekaaje humo ndani na ni nini kimezipanga hivyo, iwe ni joto, baridi, kuvutwa au jua. Twende.

Swali: Habari za kazi mhariri. Huwa naangalia zile alama za pembetatu chini ya vyombo, na nimesoma kwamba namba 2 na namba 4 zote ni polietilini. Sasa kama ni kitu kilekile mbona chupa ya shampuu ni ngumu halafu mfuko laini unavutika kama nini? Wanachanganya dawa gani? (Msomaji mdadisi)

Nzuri ndugu yangu. Hakuna dawa hapo, na hilo ndo linanifurahisha kila nikilifikiria. Zote mbili ni kaboni na haidrojeni tu, kaboni imeshikana na kaboni mwenzake na mwenzake tena, maelfu kwa maelfu, mnyororo mrefu sana. Tofauti yao ni matawi. Mnyororo wa namba 4, yaani LDPE, umeota matawi pembeni, yale mafupi ni kama 10 hadi 30 kwa kila kaboni 1000 na kuna mengine marefu kabisa, wakati wa namba 2, HDPE, umenyooka, matawi yake ni ya kutafuta. Plastiki ikiwa imeyeyuka minyororo yote imevurugana kama nyuzi za cherehani zilizotupwa ovyo kwenye kopo, na ikianza kupoa kila mnyororo unatafuta namna ya kulala sambamba na jirani yake. Ulionyooka unafanikiwa. Wenye matawi unakwama, tawi halina pa kukaa.

Sehemu zilizofanikiwa kujipanga ndo fuwele, zilizobaki zimevurugika tunaziita amofasi. HDPE inaweza kuwa na fuwele asilimia 60 hadi 80, LDPE inaishia 40 hadi 55 hivi. Fuwele zinaleta ukakamavu, amofasi inaleta kule kupinda na kuvutika bila kuvunjika, kwa sababu kwenye polietilini ile amofasi inabaki imelegea hata kwenye baridi kali sana, hadi digrii 100 na zaidi chini ya sifuri. Na kwa vile kitu kilichopangika hakichukui nafasi kubwa, HDPE ni nzito kidogo, gramu 0.94 hadi 0.97 kwa kila sentimita moja ya ujazo, LDPE ni 0.91 hadi 0.93. Ndo hizo herufi H na L zinasema, uzito kwa ujazo ni mkubwa au mdogo, basi.

Kuna jambo moja hapa naomba ulishike maana tutalirudia. Mwaka 1957 Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol alionesha kwamba fuwele za polietilini ni vibamba vyembamba mno, unene kama nanomita 10, na minyororo imesimama ikivuka unene huo. Sasa piga hesabu: mnyororo wa kaboni 7000 ukiunyoosha wote unafika karibu nanomita 900. Inaingiaje kwenye kibamba cha nanomita 10? Inajikunja, inapanda inashuka inapanda inashuka. Ila sio yote inamalizia humohumo, mingine inatoka, inapita kwenye amofasi halafu inaingia kwenye kibamba cha jirani, yaani mnyororo mmoja umeshika vibamba viwili au vitatu. Hiyo minyororo ya kuunga ni michache na ndiyo inayobeba kila kitu, bila yenyewe vibamba vingeachana ukivuta kidogo tu.

Historia fupi kwa wanaopenda: LDPE ilitangulia, 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya ICI Uingereza walikuwa wanajaribu kitu kingine kabisa, wanabana gesi ya ethilini kwa presha ya kutisha, wakakuta utando mweupe kama nta ambao hawakuutafuta. Presha kubwa na joto kubwa ndo vinafanya mnyororo uote matawi hovyo. HDPE ikasubiri miaka 20, mpaka 1953 Karl Ziegler kule Ujerumani alipopata kichocheo chenye titani na alumini kinachounga mnyororo bila fujo, na mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia akafanya yake kwenye polipropilini. Mwaka 1963 wakagawana Nobel ya kemia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kuna tofauti gani kati ya ukakamavu, nguvu na uvumilivu wa plastiki? Darasani tunayachanganya. (Mwanafunzi wa kidato cha tano)

Marahaba mwanangu. Ukakamavu ni kiasi gani kitu kinakataa kupinda. Nguvu ni mzigo kinaoubeba kabla hakijaachia. Uvumilivu ni nishati kinayoimeza mpaka kuvunjika, kwa hiyo hapo unahesabu mzigo na pia kule kuvutika. Polistairini ya kawaida, ile plastiki ya rula zinazopitisha mwanga, ukakamavu wake ni kama gigapaskali 3, LDPE ni 0.2 hivi, mara kumi na tano chini, ila ukiivuta polistairini inakatika ikiwa imerefuka asilimia 2 au 3 tu wakati LDPE inarefuka mara kadhaa ya urefu wake wa mwanzo. Nani imara? Inategemea unaiuliza nini. Ukisikia mtu anasema tu "plastiki hii imara" bila kusema imara kwa lipi, muulize.

Swali: Kaka mhariri, rula ya mwanangu ile inayopitisha mwanga, ukiikunja inaweka mstari mweupe halafu inakatika pwaa. Lakini kifuniko cha losheni kile cha kufungua na kufunga kimeshikwa na kautepe kembamba tu ka plastiki na hakakatiki mwaka mzima. Inakuwaje chembamba kimshinde kinene? (Mama wa mwanafunzi)

Dada, swali zuri mno hili na lina mambo mawili ndani yake.

Tuanze na rula. Nyingi za aina hiyo ni polistairini, namba 6. Kwenye mnyororo wake kila kaboni ya pili imebeba pete kubwa ya benzini, na pete hizo zimekaa bila utaratibu, moja huku mbili kule, kwa hiyo minyororo haiwezi kulala sambamba hata ukiipoza taratibu namna gani. Haina fuwele kabisa, yote ni amofasi, na ndo maana inapitisha mwanga vizuri, hakuna mipaka ya fuwele ya kuutawanya. Tatizo ni kwamba chini ya digrii 100 hivi minyororo ile imeganda mahali ilipo, haitelezi. Ukikunja rula, upande wa nje unavutwa, na kwa kuwa haiwezi kuteleza inafunguka vijiufa vidogo sana ambavyo si nyufa kamili, maana ndani yake kuna nyuzinyuzi za plastiki zenye unene wa nanomita chache zimeshikilia kingo mbili zisiachane. Karibu nusu ya nafasi ndani ya kijiufa ni uwazi mtupu. Uwazi ule unatawanya mwanga na jicho lako linaona weupe. Ukiendelea kukunja nyuzinyuzi zinaanza kukatika, kijiufa kinageuka ufa wa kweli, na huo ukishaanza kukimbia hakuna wa kuusimamisha.

Utaniuliza, mbona miwani ya usalama ya polikaboneti nayo ni amofasi, nayo inapitisha mwanga, na haivunjiki hata ukiipiga nyundo? Hapo ndo ufundi wenyewe. Minyororo ya amofasi inashikana kwa kupitana na kuzungukana, na umbali kati ya fundo moja na jingine hauko sawa kwa kila plastiki. Kwenye polistairini uzito wa mnyororo kati ya mafundo mawili ni kama 18,000 kwa vipimo vya wakemia, kwenye polikaboneti hauzidi 3,000. Yaani polikaboneti mafundo yake yamekaribiana sana, wavu wake ni wa matundu madogo, vile vijiufa vinashindwa kufunguka kirahisi na badala yake plastiki nzima inajisogeza na kukubali kubadilika umbo. Kukubali huko ndo kunameza nguvu ya nyundo.

Kwa polistairini dawa yake ilikuwa kuitia chembe za mpira, ndogo za maikromita chache, zikatawanywa humo ndani. Kila chembe inaanzisha vijiufa vyake vidogo, kwa hiyo badala ya ufa mmoja mkubwa unapata maelfu ya vijiufa vinavyogawana mzigo. Gharama yake ni kwamba haipitishi tena mwanga. ABS ya kwenye makasha ya kompyuta na matoi ya kujengea ni wazo hilohilo, ila chembe zake kwa kawaida ni ndogo zaidi.

Sasa kifuniko cha losheni. Hicho ni polipropilini, namba 5, ina fuwele na amofasi yake imelegea kwenye joto la kawaida la chumbani. Plastiki ya moto inapopitishwa kwenye kijinafasi chembamba cha kalibu, chini ya nusu milimita, minyororo inavutika ikaelekea upande mmoja, halafu kinapotoka kikiwa bado vuguvugu kinakunjwa mara ya kwanza, na huko kukunjwa kunamalizia kazi, zile fuwele zinavunjwavunjwa na kupangwa upya zote zikivuka kiungo. Kwa hiyo unachokunja kila siku ni kifurushi cha minyororo iliyonyooka, na wembamba wake ndo unakisaidia maana kitu chembamba kikikunjwa upande wa nje hauvutiki sana. Kingekuwa kinene kingeshakatika zamani. Ila usikijaribu kikiwa kimetoka kwenye friza, polipropilini ikifika karibu na sifuri amofasi yake inaganda na hapo itakuaibisha.

Swali: Nilimimina maji yaliyochemka kwenye chupa ya maji ya kununua, ikanywea ikawa fupi na ikapinda, lakini mdomo wake ukabaki saizi ileile na kifuniko bado kinaingia. Kwa nini mwili tu? (Nimeharibu chupa)

Pole kwa chupa. Hiyo ni PET, namba 1, na haikuzaliwa na umbo hilo. Inaanza ikiwa kichupa kifupi kinene, mdomo na skrubu yake vimeshakamilika, na kwa kuwa kilipozwa haraka sana minyororo haikupata muda wa kujipanga, ni amofasi karibu yote. Kichupa hicho kinapashwa moto hadi digrii 100 hivi, fimbo inakisukuma kwa ndani kirefuke na hewa ya presha inakipuliza kitanuke mpaka kiguse kuta za kalibu. Mdomo hauguswi. Pia kile kiduara kinene katikati ya kitako, hapo ndo plastiki ilipoingilia, hakikuvutwa vya kutosha, kishike utaona ni tofauti kabisa na ukuta.

Kule kuvutwa pande mbili kunailazimisha minyororo ilale na fuwele ndogondogo zinaota zenyewe kwa sababu ya mvuto, kama robo ya plastiki inakuwa fuwele. Ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga ndo maana chupa inabaki angavu. Faida yake ni kubwa, ukuta mwembamba usiofika nusu milimita unabeba presha ya soda, na gesi inatoroka taratibu zaidi. Nathaniel Wyeth wa DuPont ndiye aliyepata hataza ya chupa ya namna hii, 1973, kabla ya hapo watu walijaribu plastiki nyingine zikawa zinavimba au zinapasuka.

Sasa wewe umeleta maji ya digrii 100. Amofasi ya PET inalegea ikifika 75 hivi. Minyororo iliyokuwa imenyooshwa kwa nguvu ikagandishwa hapo, imepata uhuru, na mnyororo ukiwa huru haupendi kunyooka, unarudi kujikunyata. Chupa nzima ikajikunyata nayo. Mdomo nao ulilegea kidogo ila haukuwahi kuvutwa, hauna pa kurudi. Kwa hiyo ulichokiona ni kumbukumbu ya kiwandani, sio kwamba plastiki imeyeyuka, PET kuyeyuka mpaka digrii 250 na kitu.

Zipo chupa za vinywaji vinavyojazwa vikiwa moto, hizo kalibu yake yenyewe ni ya moto, zaidi ya digrii 100, fuwele zinapewa muda wa kukua na kuishikilia minyororo isirudi. Na kama umewahi kuona chupa angavu yenye mdomo mweupe usiopitisha mwanga, sio rangi ile. Mdomo umepashwa makusudi hadi ukaota fuwele kubwa za duara, kubwa kuliko mawimbi ya mwanga, zinautawanya.

Kama unataka kuiona hiyo minyororo kwa macho yako, washa skrini ya kompyuta iwe nyeupe tupu, weka kipande cha plastiki angavu mbele yake, halafu kitazame ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaraidi, zungusha kichwa kidogo. Zile rangi za upinde utakazoziona zinafuata jinsi minyororo ilivyovutwa na mkazo ulioganda humo. Mimi hii sichoki kuiangalia.

Swali: Kiti cha plastiki nimekiacha nje muda mrefu, sasa kimepauka, ukikigusa kinaacha unga mweupe mkononi, na mtu mnene kidogo akikalia kinapasuka. Jua linakausha nini hasa, kwani plastiki ina maji? (Mwenye kiti)

Haina maji, na wala haijakauka mzee wangu. Imekatwa. Viti vingi vya aina hiyo ni polipropilini, na kwenye mnyororo wake kila kaboni ya pili ina haidrojeni moja iliyoshikwa kwa ulegevu. Mionzi ya urujuanimno pamoja na oksijeni inaanzia hapo, haidrojeni inang'olewa, mnyororo unakatika, na kila kukatika kunazaa vichokozi vipya vya kukata mingine. Unakumbuka ile minyororo ya kuunga vibamba? Hiyo ndo inaumia zaidi kwa sababu iko kwenye amofasi, na oksijeni inapita kwenye amofasi, ndani ya fuwele haiingii kirahisi.

Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui. Vipande vifupi vilivyokatika vinakuwa huru kusogea, kwa hiyo vinajipanga na kuongeza fuwele, na fuwele zikiongezeka ngozi ya nje ya kiti inataka kusinyaa wakati sehemu ya ndani ambayo jua halijafika haisinyai. Ngozi inavutika, inapasuka nyufa ndogondogo, na mtu akikaa zile nyufa ndo zinaanzisha safari. Kwa hiyo kiti chako kimekuwa kikakamavu zaidi kuliko kipya na hapohapo uvumilivu umekwisha. Ule unga mara nyingi ni chokaa iliyochanganywa kama kijazio, plastiki iliyoizunguka imeoza ikaiacha wazi.

Dawa ni ya kiwandani, viungo vya kuzuia mionzi, au masizi meusi. Mabomba meusi ya maji ya polietilini yana masizi asilimia 2 hadi 2.5, yanaimeza mionzi kabla haijaingia ndani. Kupaka rangi kiti kilichokwisha kuchoka kunakifunika tu, minyororo iliyokatika hairudi.

Swali: Ndoo zangu huwa zinapasuka sehemu moja, chini katikati pale penye kidoa, ufa unaanzia hapo unakwenda pembeni. Nikinunua nene zaidi itasaidia? Naweka sabuni ya maji humo. (Mfanyabiashara wa sabuni)

Kidoa ndo mlango plastiki iliyoyeyuka ilipoingilia kwenye kalibu. Pale inapita kwa kasi kubwa, minyororo inavutwa ikielekea nje kutoka katikati na inagandishwa hivyo kabla haijajirudi, tena presha pale ilikuwa kubwa, kwa hiyo mkazo umefungiwa humo tangu siku ya kwanza. Minyororo ikielekea upande mmoja nguvu inakuwa kubwa kwa upande huo, ila kati ya mnyororo na jirani yake kuna ushikamano hafifu, ufa unapita hapo katikati yao. Ndo maana unakwenda kutoka kidoani kwenda pembeni na sio kuzunguka. Sehemu nyingine dhaifu ni pale mikondo miwili ya plastiki inapokutana, mfano nyuma ya tundu la mshikio, utaona kamstari kadogo, minyororo ya upande mmoja haikupata muda wa kuingiliana vizuri na ya upande wa pili kabla ya kuganda.

Na sabuni ndo imekumaliza. Polietilini haiyeyushwi na sabuni, ukiiloweka bila mzigo haifanywi kitu, ila ikiwa na mkazo na sabuni kwa pamoja molekuli za sabuni zinapenya kwenye amofasi penye vijiufa na kuifanya minyororo ya kuunga ichomoke taratibu kwenye vibamba, inateleza inatoka. Inachukua wiki au miezi halafu siku moja ndoo inapasuka bila kupigwa. Kinachosaidia ni minyororo mirefu, kwa sababu mirefu inaunga vibamba vingi, na matawi machache mafupi yanayozuia kuchomoka. Unene unasaidia kidogo sana, na ukizidi unaleta shida yake, plastiki nene inapoa polepole katikati, fuwele zake za duara zinakua kubwa na mipaka kati yao inakuwa dhaifu, saa nyingine hata mapovu yanabaki humo. Usitafute ndoo nene, tafuta chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya sabuni, na usizipange zikiwa zimejaa moja juu ya nyingine.

Swali: Nimechonga gia za nailoni kwa mashine yangu, zikiwa mpya meno yanakatika, fundi mmoja kaniambia nizichemshe kwenye maji. Ananitania? (Fundi mashine)

Hakutanii, msikilize. Nailoni inashika maji, yanaingia kwenye amofasi na kukaa katikati ya viungo vya haidrojeni vilivyokuwa vinaibana minyororo. Nailoni 6 kavu amofasi yake inalegea kwenye digrii 50 na kitu, ikishika maji asilimia 2 hadi 3, kiasi ambacho hewa ya kawaida itaipa yenyewe taratibu, kiwango hicho kinashuka hadi chini ya joto la chumba. Ukakamavu unapungua sana, hata zaidi ya nusu, ila meno hayakatiki tena ovyo. Kuchemsha ni kuharakisha tu. Angalizo ni vipimo, gia inavimba kidogo, kwa hiyo chemsha kwanza, iache maji yasambae, ndo upime.

Swali: Nayeyusha plastiki za kuokota kutengeneza vibao. Vingine vinatoka vizuri, vingine ukiviangusha vinavunjika vipandevipande. Moto ni uleule. Nakosea wapi? (Kijana mjasiriamali)

Hujasema unachagua vipi kabla ya kuyeyusha, na mimi nadhani ndo penyewe. Plastiki za aina tofauti kwa kawaida hazichanganyikani hata zikiyeyuka pamoja, hata polietilini na polipropilini ambazo zinafanana sana. Unakoroga, unaona uji mmoja, ila kwa hadubini ni matone ya moja ndani ya nyingine, na minyororo haivuki mpaka kati ya tone na kilichozunguka. Kibao kinapopoa kila moja inasinyaa kivyake, mpaka unaachia, na tayari una maelfu ya nyufa ndogo zinakusubiri ukiangushe.

Anza kwa kusoma namba. Zisizo na namba zikate vipande utie kwenye maji: polietilini na polipropilini zinaelea, PET, PVC na polistairini ngumu zinazama. Zinazozama usitie kabisa. PVC ukiizidishia moto inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayounguza mapafu, na PET inataka digrii zaidi ya 250 kwa hiyo kwenye moto unaotosha polietilini itabaki vipande vigumu katikati ya kibao, kila kipande ni mwanzo wa ufa. Katika zinazoelea tenga namba 2 peke yake kama unaweza, inayeyuka digrii 130 hivi, polipropilini 160 na kitu, ukiweka moto wa kati hutahitaji kwenda juu sana.

Kitu kingine, usiyeyushe kipande kilekile mara nyingi. Moto na hewa vinakata minyororo, polipropilini hasa, na mnyororo ukishakuwa mfupi haufungi mafundo wala hauungi vibamba viwili. Plastiki iliyopauka juani, kama kile kiti cha mzee wetu hapo juu, ina ugonjwa huohuo tayari, iache. Funika sufuria, usiache plastiki motoni muda mrefu, kaa penye upepo, halafu kibane kibao chini ya uzito mpaka kipoe chote, kwa sababu ukikitoa kikiwa na moto ndani na baridi nje kitapinda na mkazo utabaki humo.